Gatwekera Hakuna Ajali

Mdogo wangu aligongwa na nduthi wiki ile ile ambayo mama yetu alikuwa anakuja kukaa kwangu, na mpaka leo sijui ni kipi kiliniuma zaidi, mguu wake au wakati aliouchagua kuuvunja. Pale stendi ya Kawangware 46, hapa Nairobi, pikipiki za abiria hupita kila upande, hata palipoachiwa watu wa miguu. Yeye alikuwa amesimama kando ya nguo zake za mitumba akimchagulia mteja blauzi. Nduthi ilimpiga ikamlaza, mfupa ukavunjika chini ya goti. Nilipopigiwa simu nililia kweli, msije mkadhani. Lakini nilipomaliza kulia nikatazama kitanda nilichokuwa nimemtandikia Mama, pazia jipya nililogawanyia chumba, na blanketi la maua mekundu lililokuwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki, nikajua Mama hatalala hapo.

Tulikuwa tumekubaliana zamani. Baba alipofariki, Mama alibaki peke yake kule nyumbani, magharibi, na macho yake yalianza kumsumbua. Mimi ndiye kifungua mimba. Binti yangu alikuwa ameolewa, chumba changu cha huku mtaani Gatwekera kilikuwa kimebaki na mimi na jiko langu la mandazi. Nilisema Mama atakuja kwangu, na Mama mwenyewe akasema sawa, nitakuja kwako. Maneno hayo niliyatunza. Nilikuwa nikikanda unga alfajiri naongea naye kichwani kana kwamba ameshafika, namuuliza kama chai imekolea.

Alishuka basi na mkoba wake na kuku mmoja aliyefungwa miguu, akaenda Kawangware moja kwa moja. Kuku pia alienda Kawangware.

"Nikae na huyu mtoto kwanza," aliniambia kwa simu. "Hawezi hata kuenda choo. Wewe uko sawa."

Mtoto huyo ana mvi. Nimeziona kwa macho yangu.

Hilo neno, uko sawa, nimelisikia tangu nikiwa na meno ya utotoni. Mdogo wangu alipoanguka kutoka kwenye mpera nyuma ya nyumba yetu akavunjika mfupa wa bega, Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, naye akawa amelaza kichwa shingoni mwa Mama kama khanga ya pili. Mimi nilitembea nyuma nikibeba viatu vyake. Nilikuwa nimeanguka kutoka kwenye mpera huo huo, siku hiyo hiyo, tawi moja tu chini yake, na goti langu lilikuwa linatoa damu. Mama aligeuka mara moja njiani akaniangalia. "Wewe uko sawa," akasema, akaendelea. Ile damu ilikaukia kwenye soksi. Nasema hivi bila aibu: siku hiyo nilitamani bega langu ndilo lingevunjika.

Sasa nieleze kidogo jinsi tunavyoumia huku kwetu, kwa sababu tunaumia kwa namna ambayo haina sherehe. Ajali, kwetu, ni kitu cha barabara. Lazima kuwe na gari au nduthi, watu wakusanyike, mtu apige kelele dereva ashikwe. Na Gatwekera haina barabara. Ina vichochoro ambavyo hata mkokoteni hupita kwa kubembelezwa. Kwa hivyo ajali hatuna. Tunachomeka, tunateleza kwenye mitaro, tunakatwa na ncha za mabati, tunarushwa na nyaya za stima za kuunganishwa, lakini ajali hatupati.

Fundi wa viatu wa mlango wa pili alijidunga sindano kwenye kiganja ikatokea upande wa pili, na jioni alikuwa ameketi palepale anashona. Mwenye kibanda cha kuchaji simu alirushwa na stima akaangukia meza yake, akainuka akicheka, nasi tukacheka naye. Jirani yangu wa nyuma alimwagikiwa uji moto pajani. Mvua ikinyesha, ule mteremko wa kwenda mtoni huangusha watu wazima mmoja baada ya mwingine, na anayeanguka husimama haraka sana kuangalia kama kuna aliyemwona. Ukimpa pole anakukasirikia.

Kuna msichana ambaye alikuwa akitupitia kila baada ya muda, mlango kwa mlango, akiwa na simu kubwa ya kujazia majibu. Ni mtu wa wadi yetu ya Sarang'ombe, tunamjua, nasi tulimwita msichana wa maswali. Watu waliomtuma walitaka kujua jinsi watu wa mjini wanavyougua na kuumia. Alikuwa akiuliza kama kuna aliyehara, aliyekohoa, aliyezaa. Halafu: "Kuna mtu wa hii nyumba amepata ajali?" Nami nilikuwa najibu, kama fundi wa viatu, kama jirani wa uji, "Ajali? Hapana. Tuko sawa." Alibonyeza simu yake akaenda mlango unaofuata kuambiwa hivyo hivyo.

Ndiyo maana mguu wa mdogo wangu uliniletea kijiba cha roho. Yeye alikuwa amepata kitu chenye jina. Jumapili ya kwanza nilipotoka kanisani nilitembea hadi kwake, kupitia Olympic, nikavuka Ngong Road, nikashika ile njia ndefu ya kuingia Kawangware, na nilipofika nikakuta viatu vya wageni vimejaa mlangoni mpaka nikakosa pa kuweka vyangu. Akina mama wa kanisa lake walikuwa wamekuja na unga, sukari na karatasi za choo, wanaimba. Mdogo wangu alikuwa ameegemea mito kama bibi harusi, mguu wenye chuma alichowekewa hospitali umewekwa juu ya kiti. Wapangaji wa ploti nzima walikuwa wanajua alikuwa amesimama wapi, nduthi ilikuwa ya rangi gani, na blauzi ilianguka wapi. Alisimulia tena kwa ajili yangu. Mama alikuwa ameketi kitandani karibu naye, anamsugua kidole kikubwa cha mguu ili damu itembee.

"Umekula?" Mama aliniuliza.

"Nimekula."

"Basi nisaidie kuosha hivi vikombe."

Nikaosha vikombe. Niliviosha kwa nguvu nikabandua sikio la kimoja, na hakuna aliyesikia kwa ajili ya kuimba.

Nilienda Jumapili zote zilizofuata. Kila nilipoenda nilikuta Mama amezidi kuwa wa kule. Alikuwa ameshajua muuza mboga wa kona, alikuwa na bakuli lake, alikuwa na mahali pake pa kutundika leso. Nilikuwa nikiona gere hata kwa msumari uliotundika ile leso. Mama alipoinuka kumpeleka mdogo wangu choo, alimshika kwapani akamwegemeza kwenye mwili wake mdogo, wakaenda polepole kwenye ile veranda inayolowa maji ya sabuni kutwa nzima. Nilipojitolea, mdogo wangu alisema, "Wacha tu, Mama ameshajua kunishika." Niliketi.

Halafu nikachomeka. Ilikuwa asubuhi, nikigeuza mandazi, mguu mmoja wa jiko ukazama kwenye sakafu ya udongo iliyolowa na karai likainama. Nilirudi nyuma, ndiyo sababu tumbo langu lilipona, lakini mkono wa kushoto ulipata mafuta kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Nilipiga yowe moja. Jirani wa uji alikuja mbio, akanimwagia maji, akasema pole, akaokota mandazi yaliyoanguka mahali pasafi. Wateja wa asubuhi walikuwa wanangoja. Niliwauzia kwa mkono wa kulia.

Mchana, nikiwa nimefunga mkono na kitambaa, niliandika kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp: Nimechomeka kidogo na mafuta. Nilifuta, nikaandika tena, nikatuma. Niliketi naiangalia simu. Binamu yetu mmoja alijibu, "Paka dawa ya meno." Ujumbe uliofuata ulikuwa picha ya mdogo wangu akisimama kwa magongo kwa mara ya kwanza, na hapo kikundi kizima kikalipuka kwa mikono ya kuomba na amina. Nilipaka dawa ya meno. Iliniwasha kama pilipili.

Ilipita wiki, Mama hakupiga. Alipopiga alikuwa na swali.

"Lile blanketi uliniambia ulininunulia, bado uko nalo?"

Niligeuka nikalitazama. "Bado, Mama. Ni lako."

"Nitakuja kulichukua. Hicho chuma kinamletea huyu mtoto baridi usiku."

Nilitaka kumwambia kwamba Gatwekera pia kuna baridi. Nilisema sawa.

Alikuja siku mbili baadaye, mchana, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alikanyaga kwangu. Nilikuwa nimefagia hadi nje ya mlango, nimevaa sweta ya mikono mirefu. Alitazama pazia, akalifungua kidogo, akaona kitanda. Alilitoa blanketi kwenye mfuko wake wa plastiki, akalipapasa, akalikunja upya akaliweka magotini. Nikampa chai.

Aliipokea kwa mkono wa kushoto.

Lazima mnielewe hapa. Mama yetu ndiye aliyetufundisha kupokea. Tukiwa wadogo, ukinyoosha mkono wa kushoto kwa mtu mzima, au hata kwa mgeni mdogo, ulipokea kofi mgongoni. Kwake mkono wa kushoto ni wa kumpa mtu usiyemheshimu. Na sasa ameketi nyumbani kwangu, amekuja kuchukua blanketi langu, anapokea chai yangu kwa kushoto na kuinywa kwa kushoto, wa kulia ameuficha chini ya leso kana kwamba anautunza kwa ajili ya watu wengine. Nikajiambia, haya, umeshuka mpaka huko.

Hapo ndipo msichana wa maswali akabisha.

"Sasa mathe. Naweza ingia?"

"Ingia."

Alimwona Mama akainama kidogo. "Shosho, habari yako." Mama alitabasamu; ameshazoea kwamba Nairobi kila mwanamke mzee ni shosho, hata asiyejua neno la Kikuyu. Msichana akaketi kwenye debe la mafuta, akafungua simu. Kuhara hakuna. Kukohoa hakuna. Nikawa natayarisha lile jibu langu la ajali, lakini safari hii hakuuliza hivyo.

"Kuna mtu ameumia? Kuchomeka, kuanguka, kukatwa, kupigwa na stima, kitu kama hiyo?"

"Si huwa unauliza ajali?"

"Tulibadilisha. Kila nyumba huku ilikuwa inasema hakuna ajali. Ukisoma majibu yetu unadhani watu wa Gatwekera wameundwa na mpira." Alinyooshea kidole sweta yangu, palipotokeza kitambaa. "Kama hiyo. Hiyo ni nini?"

"Nilichomeka tu."

"Basi hiyo ndiyo natafuta."

Sijui nielezeje kilichonipata. Mama alikuwa ameketi hapo, kikombe mkononi, anasikia. Nilivuta mkono wa sweta hadi begani nikafungua kitambaa, nikaonyesha kidonda chote, kibichi, na dawa ya meno imekauka pembeni. "Andika," nikasema. Nikamwonyesha kovu la bati kwenye paji la uso. Nikamwonyesha kidole ambacho hakikunji tangu mlango wa choo ulipokibana. Nikamwambia jinsi nilivyoteleza mtaroni nikiwa na mtungi wa maji kichwani na mgongo ukawa unaniuma msimu mzima wa mvua, jinsi stima ilivyonitupa ukutani nikibadilisha taa, jinsi jiko lilivyoniunguza kisigino. Nilipofika kwenye goti na ule mpera nyuma ya nyumba, sauti yangu ilikuwa imepanda, jirani amezima redio yake.

"Mathe," msichana alisema kwa upole, "ni zile za tangu nilipokuja mara ya mwisho peke yake. Nitaandika ya mafuta."

"Na hizo zingine zote?"

"Hizo si zilipona?"

Nilishusha sweta. Mama alikuwa anaangalia goti langu, si uso wangu.

Msichana alibonyeza, akauliza nani na nani wanalala kwenye nyumba hii siku hizi. "Na shosho? Analala hapa?"

"Analala hapa," nikasema, nikavuta pazia lote ili kitanda kionekane. "Andika. Ni mama yangu. Hiki ndicho kitanda chake."

"Mimi ni mgeni," Mama akasema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesahihisha njia. "Mgeni tu. Nalala Kawangware."

"Basi sitakuuliza maswali, shosho, huko si eneo letu," msichana akasema, akaanza kuinuka. Kisha akasimama katikati. "Lakini huo mkono umefanya nini? Mbona umeufunga?"

Leso ilikuwa imeteleza. Mkono wa kulia wa Mama ulikuwa umevimba kuanzia kwenye kifundo, umefungwa kipande cha khanga kuukuu, vidole vimetuna, kucha zimekuwa na rangi ya zambarau.

"Huu? Niliteleza tu."

"Wapi?"

"Pale kwa choo. Nilikuwa nimemshika huyo mtoto, asianguke."

"Na yeye alianguka?"

"Ah, hapana," Mama akasema kwa fahari. "Yeye alinilalia juu. Hakuumia hata kidogo."

Msichana alimwambia aende apigwe picha ya mfupa, akatusihi sana sote wawili, akatoka. Mkono huo haukuingia kwenye simu yake. Kwangu Mama alikuwa mgeni, na Kawangware hakuna aliyekuwa akipita kuuliza.

Niseme kilichonijia kwanza, kwa jinsi kilivyokuja. Haikuwa huruma. Ilikuwa wivu. Hata kuanguka, Mama alienda kuangukia kwa mdogo wangu. Baadaye, pole pole, nikaona kile kikombe katika mkono wake wa kushoto, nikaona jinsi alivyolikunja blanketi akitumia kiwiko, na uso ukaniwaka moto.

"Anajua?" nikamuuliza.

"Nani, mtoto? Hajui. Usimwambie, atakataa nimshike." Alinivuta karibu, akapandisha sweta akautazama mkono wangu, akakwaruza dawa ya meno kwa ukucha. "Hii ulisema ni kidogo."

"Kumbe ulisomewa ule ujumbe?"

"Nilisomewa. Nikasema, huyu akiumia sana hasemi. Kwa vile amesema, basi ni kidogo."

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa wakati mmoja. Ningenyamaza, nisingeulizwa kwa sababu sijasema. Nikasema, sikuulizwa kwa sababu nimesema. Sijui mtu angeingilia mlango gani.

"Lala hapa leo," nikamwambia. "Kesho tutaenda hospitali, sote wawili."

"Na huyo atapelekwa choo na nani?"

Hakungoja jibu, akasimama. Nikabeba blanketi, tukatoka. Tulipanda taratibu, watu wakitupisha kwenye vichochoro, na tulipofika Ngong Road nikamshika mkono wa kushoto kuvuka. Aliuacha ndani ya wangu hata baada ya kuvuka. Sikuulegeza, nikaogopa akikumbuka atautoa. Kwa muda ule wote wa kutembea hadi Kawangware nilikuwa na Mama peke yangu, na nilimkasirikia kila mtu aliyetusalimia.

Mlangoni kwa mdogo wangu hapakuwa na viatu vya wageni siku hiyo. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, magongo pembeni.

"Mama, umekawia! Nimebanwa na choo."

Mama akaingiza mkono wa kulia chini ya leso na kusogea mbele, ule wa kushoto ameshaunyoosha. Nikatupa blanketi kitandani nikapita mbele yake.

"Leo ni mimi," nikasema.

"Aa, si wewe. Nataka Mama."

"Najua unataka Mama. Shika hapa."

Alinishika. Alinishika kwenye mkono wa kushoto, palepale, kwa uzito wake wote, na nyuzi za sweta zikazama ndani ya kidonda. Nikauma mdomo. Tukaanza kwenda, mguu kwa mguu, kwenye veranda ya maji ya sabuni, nami nikikanyaga kama mtu anayebeba mayai. Katikati ya njia alisimama akaniangalia usoni kwa karibu, kama ambavyo sikumbuki kuwahi kuangaliwa na mtu wa kwetu.

"Mbona unatetemeka?" akauliza. "Umeumia?"

Nyuma yetu, ndani ya chumba, nilisikia kiti kikivutwa, na Mama akikaa.

"Niko sawa," nikamwambia.